Fundi Aliyejitengenezea Vyombo

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Yasomeni polepole, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho.)

Wewe uliyeketi karibu na redio, na wewe unayesoma karatasi hii baada ya mazungumzo kwisha, nawasalimu sawasawa. Kama mnasoma kwa kundi, mmoja asome kwa sauti, na wengine wafuate mstari kwa kidole. Mkifika mahali pagumu, rudini nyuma. Kurudia si aibu. Hata mwalimu hurudia.

Somo lililopita lilikuwa juu ya barua. Tulisema ya kuwa barua nzuri hueleza jambo lake waziwazi, hata mtu asiyekujua akiisoma aelewe. Leo tutaliona jambo hilo hilo katika kazi ambayo pengine hukudhani kuwa ni kazi ya maandishi. Ni kazi ya kutengeneza programu ya kompyuta.

MANENO YA LEO

Kompyuta: mashine inayofuata maagizo na kufanya hesabu kwa haraka sana.
Programu: maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate.
Nukta: katika somo hili, doa dogo la rangi ndani ya picha.
Toleo: programu kama ilivyotolewa wakati fulani. Ikirekebishwa, hutolewa toleo jipya lenye namba yake.
Leseni: maandishi yanayoeleza una ruhusa ya kufanya nini na kitu.

1. PICHA NI HESABU

Tuanze na jambo unalolijua. Umekwenda kwa mpiga picha, kwa sababu unatakiwa kupeleka picha yako ofisini. Umevaa shati safi, umekaa wima, na amekupiga. Lakini picha imetoka na giza; uso hauonekani vizuri. Mpiga picha anasema, “Ngoja kidogo, mzee.” Anageukia kompyuta yake, anabonyeza mara mbili tatu, na uso wako unang’aa. Je, amefanya nini? Hakupaka rangi wala hakukupiga tena. Amefanya hesabu.

Picha iliyo ndani ya kompyuta ni nukta nyingi zilizopangwa kwa mistari, kama mbegu za mahindi katika gunzi. Tuseme picha yako ina nukta 400 kwa upana na nukta 600 kwa kimo. Zidisha: 400 mara 600 ni nukta 240,000. Tena kila nukta ina namba tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kwa kawaida kila namba huanzia 0, yaani hakuna mwanga wa rangi hiyo, hadi 255, yaani mwanga wake umejaa. Basi picha yako ndogo ni namba 720,000.

Sasa chukua kalamu. Nukta moja ya shavu lako ina namba 100, 70 na 50. Ongeza 30 kwa kila namba. Unapata 130, 100 na 80. Nukta hiyo imekuwa nyeupe zaidi. Na nukta yenye namba 240 je? Ukiongeza 30 unapata 270, lakini mwisho ni 255, basi inabaki 255. Fanya hivyo kwa nukta zote 240,000, na picha nzima itang’aa. Wewe ungemaliza kalamu nyingi na siku nyingi. Kompyuta huimaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua.

Lakini kompyuta haina akili yake. Lazima awepo mtu wa kuiandikia: chukua namba, ongeza 30, ukipita 255 simama, nenda nukta inayofuata. Maandishi hayo ndiyo programu. Na mtu anayeyaandika ni fundi kama fundi wengine, ila mbao zake ni maneno na namba.

2. VIJANA WAWILI WA BERKELEY

Leo nitawasimulia habari za fundi mmoja wa kazi hiyo, jina lake Peter Mattis, na mwenzake Spencer Kimball. Mwaka 1995 walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, katika mji wa Berkeley, nchi ya Marekani.

Vijana hao walikuwa wamepewa kazi ya darasani. Ilikuwa ni kuandika programu ya kutafsiri lugha za kompyuta. Kazi ikawashinda. Walieleza wenyewe ya kuwa walikuwa hawajalala, wamechoka kabisa, na alfajiri moja programu yao ikaanguka kwa kukosa nafasi ya kumbukumbu katika kompyuta. Nafasi iliyotakiwa ilikuwa megabaiti 17 tu. Leo simu ya mkononi ina nafasi kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Lakini wakati ule haikupatikana. Wakatazamana, wakaiacha kazi ile, wakasema afadhali waandike kitu kingine, kitu cha kuwafaa watu.

Mtu akishindwa, aweza kuingia uchungu na kukaa kimya. Mattis hakukaa kimya. Tarehe 29 Julai 1995 aliwaandikia waandishi wengine wa programu barua fupi kwa njia ya kompyuta. Aliuliza maswali mawili: kama mtu angeandika programu ya kutengeneza picha, je, iweze kufanya kazi gani? Na iweze kufungua picha za aina gani? Barua ilikuwa fupi. Lakini tazama busara yake: kabla ya kujenga nyumba aliwauliza watakaoikaa.

Wakati huo programu nzuri za kutengeneza picha zilikuwapo, lakini ziliuzwa ghali, na zile zilizojulikana zaidi hazikuandikwa kwa ajili ya kompyuta walizotumia vijana hawa. Mwanzoni mwa mwaka 1996 wakatoa programu yao ya kwanza kwa watu wote, toleo la namba 0.54. Wakaiita GIMP. Ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya programu ya kushughulikia picha.

Haikuwa kamili. Mara nyingine ilianguka katikati ya kazi. Lakini ilifaa. Mwaka huo huo wa 1996 Larry Ewing, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Texas A&M, aliitumia kuchora ndege aina ya pengwini, mnene, aliyeketi kwa raha kama mtu aliyekwisha kushiba. Ndege huyo, aitwaye Tux, ndiye alama ya Linux, ambayo ni programu mama inayoendesha kompyuta nyingi duniani. Mchoraji akawaruhusu watu wote kumtumia ndege wake, kwa sharti la kumtaja yeye na kuitaja GIMP mtu akiuliza.

3. RANDA YA KUKODI

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo.

Fikiri habari ya seremala. Ana karakana, ana mbao, ana mikono yenye ujuzi. Lakini randa anayotumia si yake. Ni ya jirani, na jirani huikodisha. Seremala anasema, “Njoo kwangu, nitakufundisha kutengeneza kiti bure.” Watu wanakuja kwa furaha. Lakini kila anayekuja lazima kwanza aende kwa jirani kulipia randa. Je, mafunzo hayo ni ya bure? Kwa maneno ni bure. Kwa vitendo mlango umefungwa, na ufunguo uko kwa jirani.

Ndivyo ilivyokuwa GIMP ya kwanza. Programu yoyote ya picha inahitaji vibonyezo, madirisha na orodha za kuchagulia, ili mtu aweze kuiamuru. Vitu hivyo havikuandikwa na Mattis na Kimball. Walitumia sanduku la vyombo vilivyoandikwa na wengine, liitwalo Motif. Na Motif wakati ule iliuzwa. GIMP yenyewe ilitolewa bure, lakini mtu aliyetaka kuijenga upya kutokana na maandishi yake, airekebishe au aiongeze, ilimpasa kuwa na Motif. Wengi hawakuwa nayo.

Hapo Mattis alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema, “Shauri lao, mimi ninayo.” Njia ya pili ilikuwa ndefu: kuacha picha kwa muda, na kuandika vyombo vipya tangu mwanzo. Kuandika kibonyezo kinachobonyea. Kuandika dirisha linalofunguka na kufungwa. Kuandika orodha inayoshuka mtu anapoigusa. Ni kazi isiyo na sifa. Atazamaye picha nzuri husifu picha. Nani husifu kibonyezo?

Mattis akachagua njia ndefu. Akaandika sanduku lake la vyombo, pamoja na Kimball na mwenzao mwingine, Josh MacDonald. Likaitwa GTK, yaani vyombo vya GIMP. Katika mwaka 1996 huo huo likatoka toleo la GIMP lenye namba 0.60, linalotumia vyombo hivyo vipya. Motif ikatoka. Baadaye Mattis hakuridhika na kazi yake mwenyewe. GTK ikaandikwa upya kwa mpango bora, ikaongezwa alama ya kujumlisha katika jina lake.

Sasa mtu wa Norway, wa India au wa Brazil aliweza kuchukua maandishi yote, ayasome, ayajenge, ayarekebishe, bila ya kumlipa jirani kodi ya randa.

4. MAANDISHI YALIYO WAZI

Nimesema “ayasome.” Sikiliza vizuri hapo.

Programu ina sura mbili. Sura ya kwanza ni maandishi ya asili, ambayo mtu aliyejifunza aweza kuyasoma. Sura ya pili ni ile iliyokwisha kugeuzwa kuwa namba za mashine, na hiyo haisomeki kwa binadamu kwa urahisi. Kampuni nyingi huuza sura ya pili tu, na ile ya kwanza huifungia kabatini. Ni kama kukuuzia maandazi bila ya kukwambia kiasi cha unga, sukari na hiliki. Utakula, lakini hutaweza kupika. Na mpishi akihama mji, maandazi yamekwisha.

GIMP ilitolewa pamoja na maandishi yake ya asili. Tena ilitolewa kwa leseni inayotoa ruhusa nne. Ziandike katika daftari lako:

Kwanza, waweza kuitumia kwa kazi yoyote.
Pili, waweza kuyasoma maandishi yake na kuyabadili.
Tatu, waweza kuwagawia wengine.
Nne, waweza kuwagawia hata ile uliyoibadili wewe.

Na liko sharti: ukiwagawia watu programu uliyoibadili, uwape na maandishi yake, na uwape ruhusa zile zile ulizopewa wewe. Usile maandazi ya watu kisha ukaficha mapishi.

Mattis na Kimball walifanya jambo lingine la busara. Waliacha mlango wa pembeni. Mtu aliyetaka kuongeza kazi mpya, tuseme kuifanya picha ionekane kama imechorwa kwa mafuta, hakulazimika kuingia katikati ya programu na kuvuruga yaliyomo. Aliweza kuandika programu ndogo ya peke yake, akaipachika. Ikiharibika, nyumba kubwa haianguki. Kwa njia hiyo watu wasiowajua kabisa Mattis na Kimball wakaanza kuleta michango yao, huyu kazi moja, yule mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

5. WENYEWE WALIPOONDOKA

Basi ikaja saa ya majaribu. Mattis na Kimball walikuwa wanafunzi, na mwanafunzi humaliza masomo. Walipomaliza wakaenda kazini, wakaiacha GIMP. Toleo la 1.0, lile la kuwaambia watu “sasa imekamilika,” lilikuwa halijatoka.

Fikiri ilivyokuwa. Watu wengi wamekwisha kuizoea programu. Makosa bado yamo. Walioiandika hawapo tena. Kama maandishi yangekuwa kabatini, hadithi yetu ingekwisha hapa. Tunajua mifano mingi ya namna hiyo hata katika vijiji vyetu. Fundi wa pampu ya maji anafariki, na hakuna aliyeandika pampu ilifungwaje. Mwenye duka anaugua, na madeni yote yamo kichwani mwake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini maandishi ya GIMP yalikuwa wazi. Mwanzoni palikuwa na wasiwasi, maana hapakuwa na msimamizi. Kisha waliokuwa wakichangia pembeni wakasogea katikati. Walisoma yale waliyoandika vijana wa Berkeley, wakaelewa, wakaendelea. Mwezi wa Juni 1998 toleo la 1.0 likatoka. Wenye mwanzo hawakuwapo katika uongozi, lakini kazi ilikamilika.

Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2004. Toleo la 2.8 mwaka 2012. Toleo la 2.10 mwaka 2018. Toleo la 3.0 mwezi wa Machi 2025. Mattis na Kimball wao walikwenda njia nyingine; mwaka 2015 wakaanzisha kampuni pamoja na mwenzao Ben Darnell, kampuni ya kuhifadhi kumbukumbu, iitwayo Cockroach Labs. Miaka karibu 30 ilipita tangu toleo la kwanza la GIMP hadi hilo la 2025. Hata leo, picha inayohifadhiwa na GIMP huwa na jina linaloishia kwa herufi XCF. Ni herufi za jina la chama cha wanafunzi ambamo vijana wale walikuwamo. Wageni hawakulifuta jina la wenye nyumba.

6. MTOTO AKAMPITA MZAZI

Na lile sanduku la vyombo, GTK? Hapa pana jambo la kufurahisha.

Mwaka 1997 vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, walianza kazi kubwa iitwayo GNOME. Walitaka kuwapa watumiaji wa Linux uso kamili wa kompyuta: madirisha, orodha, na kila kitu cha kubonyeza. Nao walikutana na shida ile ile ya randa. Uso mwingine uliokuwa ukitengenezwa wakati ule ulitumia vyombo ambavyo leseni yake haikuwa huru. Mena alikuwa amekwisha kuchangia GIMP, akaijua GTK. Wakaichukua.

Hivyo vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya programu moja ya picha vikawa vyombo vya programu nyingi mno. Leo mtu anayetumia kompyuta yenye GNOME, hata kama hajapata kuifungua GIMP maishani mwake, anabonyeza vibonyezo vilivyotokana na ile kazi isiyo na sifa ya mwaka 1996.

Lakini sitaki uondoke ukidhani ya kuwa mambo yote yalikwenda kama maji mtoni. Mtoto alikua haraka kuliko mzazi. GTK ya toleo la 3 ilitoka mwaka 2011, na ya toleo la 4 mwaka 2020. GIMP ya mwaka 2018 bado ilikuwa ikitumia GTK ya toleo la 2. Ilipohamia toleo la 3, ulikuwa tayari mwaka 2025. Miaka 14! Kwa nini? Kwa sababu maagizo mengi ya vibonyezo na madirisha yalipaswa kuandikwa upya, na walioifanya kazi hiyo walikuwa wachache, wengi wao wakijitolea baada ya saa za kazi.

Tena walikuwa na kazi nyingine nzito. Kumbuka namba zetu za 0 hadi 255. Chukua nukta yenye namba 101. Punguza mwanga kwa nusu: 101 gawa kwa 2. Katika namba kamili unapata 50, na baki unaitupa. Sasa urudishe mwanga: 50 mara 2 ni 100. Ile moja imepotea, wala hairudi. Ukifanya hivyo mara nyingi, picha huanza kuharibika, anga hufanya michirizi. Kwa miaka mingi GIMP ilikuwa ikihesabu hivyo. Ndipo mafundi wakajenga mtambo mpya wa hesabu, uitwao GEGL, wenye kuweza kuhesabu kwa namba zenye sehemu ndogo ndogo, baki isipotee. Kuuandika na kuuingiza kote kulichukua miaka mingi, hata toleo la 2.10 la mwaka 2018 likaweza kuutumia kikamilifu.

Basi jua hili: kitu cha bure hakikutoka bure. Yupo mtu aliyelala saa nane za usiku kwa ajili yake. Na wachangiaji wakiwa wachache, kazi hukawia.

7. MCHANGO USIO WA FUNDI

Sasa utauliza, “Mwalimu, mimi ndiyo kwanza najifunza kusoma vizuri. Habari hizi zanihusu nini?”

Zinakuhusu, na nitakuonyesha. Programu ya namna hii haijengwi na mafundi peke yao. Wako wanaoandika kitabu cha maelezo. Wako wanaogeuza maneno ya vibonyezo kwa lugha zao, ili bibi wa kijijini asome “hifadhi” kwa lugha aliyolelewa nayo. Na wako wanaotoa habari ya makosa. Hao wa mwisho hawahitaji kujua lugha ya mashine. Wanahitaji kujua kuandika barua iliyo wazi.

Tazama barua mbili. Ya kwanza inasema: “Programu yenu ni mbovu. Imeniharibia kazi.” Mwandishi ana hasira, na pengine ana haki. Lakini fundi akiisoma atafanya nini? Hajui aanzie wapi.

Ya pili inasema: “Natumia toleo la 3.0. Nilifungua picha yenye upana wa nukta 400 na kimo cha nukta 600. Nikachagua kuigeuza upande wa kulia. Nilitazamia igeuke. Badala yake programu ilijifunga. Nimejaribu mara tatu, na mara zote ni hivyo hivyo.”

Barua hiyo ni mfano tu wa kufundishia, lakini fundi akiipata barua kama hiyo hufurahi. Ina mambo manne: nilikuwa na nini, nilifanya nini, nilitazamia nini, kumetokea nini. Fundi aweza kuketi, akafanya yale yale, akaliona kosa kwa macho yake, akalitengeneza. Na akilitengeneza, limetengenezwa kwa watu wote, siyo kwa mwandishi wa barua tu.

Sasa tumia mambo manne hayo katika maisha yako. Pampu ya kijiji imekwama: mwandikie fundi mambo manne. Dawa uliyopewa imekudhuru: mweleze mganga mambo manne. Mtoto amerudishwa shuleni: muulize mwalimu mkuu kwa mambo manne. Utasikilizwa upesi kuliko yule anayepiga kelele.

8. TUNAJIFUNZA NINI

Ndugu mwanafunzi, tumetoka kwa mpiga picha, tumefika Berkeley, tumerudi nyumbani. Shika jambo moja tu.

Peter Mattis hakuwa mtu wa kwanza kuandika programu ya picha. Wala haikuwa nzuri kuliko zote alipoitoa. Mchango wake mkubwa ulikuwa huu: alipoona kazi yake inategemea chombo ambacho wengine hawawezi kukipata, alikaa chini akakitengeneza kingine, na alipokitengeneza, yeye na wenzake wakaacha maandishi yake wazi, yasomwe na mtu wasiyemjua. Ndiyo maana walipoondoka, kazi haikufa.

Wewe nawe unayo maarifa kichwani. Labda ni dawa ya mche wa mnazi, labda ni kushona, labda ni kufunga injini ya mashua, labda ni hesabu za chama cha mazishi. Umejifunza kuandika. Je, umeyaandika? Na ukiyaandika, je, mtu mwingine aweza kuyasoma akaendelea wewe usipokuwapo?

Chukua daftari usiku huu. Andika jambo moja tu unalolijua kulifanya, hatua kwa hatua. Kisha mpe jirani asome, alifanye mbele yako, nawe usiseme neno. Akikwama, kosa si lake. Rudi kwenye maandishi yako, utengeneze mahali alipokwama. Hilo litakuwa toleo lako la pili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Picha ina nukta 300 kwa upana na nukta 500 kwa kimo. Ina nukta ngapi zote? Ina namba ngapi?
2. Nukta ina namba 230, 120 na 60. Ongeza 40 kwa kila namba. Kumbuka ya kuwa mwisho ni 255. Umepata namba gani?
3. Kwa nini Mattis hakuridhika kutumia Motif?
4. Zitaje ruhusa nne za leseni. Sharti lake ni nini?
5. Kwa nini GIMP haikufa walipoondoka walioianza?
6. Katika kijiji au mtaa wenu, ni kazi gani ingekwama kama mtu mmoja angeondoka kesho? Mwaweza kufanya nini ili isikwame?
7. Andika barua ya mistari mitano juu ya kitu kilichoharibika. Itaje mambo manne.

Majibu ya swali la kwanza na la pili: nukta 150,000 na namba 450,000, kisha 255, 160 na 100. Msitazame kabla ya kujaribu.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo. Msisahau daftari.